Kiambaza Kati ya Roshani Mbili

Mdogo wangu Hamza ndiye aliyetupeleka. Alisema tunazeeka bila kusafiri pamoja hata mara moja, akachukua vyumba vitatu vilivyopakana kwenye meli kubwa ya matembezi, kila chumba na roshani yake ndogo inayotazama bahari. Tulikuwa watu tisa: Hamza na mkewe, mama, mimi, na watoto wetu. Kabla hatujafungua mabegi, mhudumu alibisha hodi akauliza kama tungependa roshani zetu ziunganishwe, kwa kuwa tumekuja kama kundi moja. Watoto walikubali kwa niaba yetu sote. Akatoa ufunguo mdogo, akauzungusha kwenye kiambaza kilichotenga roshani ya kwanza na ya pili, kiambaza kikageuka kwenye bawaba zake bila sauti, akakibana ukutani. Kisha cha pili. Roshani tatu zikawa moja, na watoto wakaanza kukimbizana kutoka mwanzo hadi mwisho.

Bawaba zilikuwa zimetiwa mafuta karibuni. Harufu yake ilinifikia pale nilipokaa, ile harufu nyepesi ya mafuta ya cherehani, nikainuka nikaenda kujifungia msalani. Hamza alinifuata, akauliza mlangoni kama bahari imeanza kunisumbua. Nikamwambia ndiyo. Hakuwa na njia ya kujua. Mambo ninayotaka kuyasimulia yalipotokea alikuwa hajatimiza siku arobaini, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa kisingizio.

Tulikaa Kigali, kwenye jengo la ghorofa moja lililosimama kwenye mteremko wa kutoka mjini kwenda Kiyovu ya chini. Chini kulikuwa na maduka mawili, moja lao la baba yangu, fundi Saidi, mshonaji wa suti na kanzu. Juu kulikuwa na nyumba mbili zilizogawana ukuta. Mbele ya nyumba zote mbili ilipita roshani moja ndefu, na mwenye jengo alikuwa ameikata katikati kwa kiambaza cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani, kirefu kuliko mtu mzima. Ngazi yetu ilishuka ndani, ikatokea nyuma ya duka la baba, na dukani mlikuwa na mlango wa kutokea kichochoroni. Ngazi ya majirani ilishuka nje, moja kwa moja barabarani, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuona nani anapanda na nani anashuka. Haya ya ngazi nayaeleza mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikuyatilia maanani wakati ule.

Majirani walikuwa Kalisti na mkewe Odeta, ambaye sisi tulimwita Mama Solange kwa jina la binti yao. Walikuwa na mtoto mwingine, Patirisi, mkorofi mwenye meno yaliyoachana. Kalisti alikuwa karani wa ofisi moja ya kahawa. Odeta alifundisha shule ya msingi. Kwetu tulisema Kiswahili nyumbani, kama Waislamu wengi wa Kigali, kwa maana babu wa baba alikuja na biashara kutoka pwani. Wao walisema Kinyarwanda, na Kiswahili chao walikitumia kwetu tu, kile cha mjini kinachochanganya r na l na kuweka iko kila mahali. Solange alikuwa rafiki yangu. Tulipitishiana vitu kwenye tundu la kiambaza, mahali ambapo jicho la ubao lilikuwa limedondoka: njugu, vitambaa vya wanasesere, siri.

Kisha vita vikaanza kaskazini, na mji wetu ukabadilika ndani ya wiki moja. Wale wa rika langu mtakumbuka. Watu walikamatwa wakiitwa ibyitso, yaani washirika wa adui, na Kalisti alikuwa mmoja wao. Walimchukua asubuhi akiwa amevaa tai. Kosa lake lilikuwa neno moja kwenye kitambulisho, neno Mtutsi, pamoja na kaka yake aliyekuwa akiishi Uganda. Alikaa ndani miezi mingi. Aliporudi, nguo zake zote zilikuwa kubwa, na baba akazipunguza moja moja bila kutaka chochote. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikielekea tisa. Nilichokiona ni kwamba Kalisti aliyerudi hakucheka tena na watoto, hakusimama tena kwenye roshani, na alipotembea hakusikika. Nikaanza kumwogopa.

Shuleni mwalimu wetu wa mwaka wa tatu alituambia kwamba adui hana pembe. Anafanana na jirani yako, alisema, anapita mahali padogo, na mtoto mwema ni yule anayefumbua macho. Redio ya duka la pili ilisema hayo hayo kwa maneno makubwa zaidi. Nilikuwa mtoto wa kusikiliza. Nilirudi nyumbani, nikakitazama kile kiambaza cha kijani, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza upande wa pili wanafanya nini.

Kiambaza kilishikiliwa na skrubu nane, nne kila upande, zote zikiwa na kutu na rangi iliyokauka juu yake. Siku moja ya likizo, nikimngoja Solange aje kwenye tundu, niliona skrubu ya chini kabisa inang'aa. Rangi ilikuwa imekwanguliwa, na kwenye mfereji wake palikuwa na tone la mafuta. Nikalinusa. Lilikuwa mafuta ya cherehani, ya aina ile ile ya kikopo cha baba. Siku ya tatu yake zilikuwa mbili zinazong'aa. Baada ya wiki moja zilikuwa nne, na mbili hazikuwapo kabisa. Ndani ya matundu yake walikuwa wamejaza nta iliyopakwa rangi ya kijani, ili mtu asione.

Nilichukua uzi mweusi dukani, nikaufunga kutoka kwenye kiambaza hadi kwenye nguzo ya roshani, chini sana, kwenye usawa wa kifundo cha mguu. Nilipotoka shule nikaukuta umekatika. Nikafunga mwingine. Huo nao ukakatika. Mama alikuwa ndani na mtoto mchanga, baba alikuwa dukani, kwa hiyo nilijua kwa hesabu yangu ya kitoto kwamba aliyeukata ametoka upande wa pili. Hesabu hiyo haikunipa nafasi ya kufikiria kwamba baba anaweza kupanda ngazi mimi nikiwa shuleni.

Kilichonimaliza ni bisibisi. Baba alikuwa na bisibisi moja nzuri ya kufungulia mashine, yenye mpini mwekundu, na hakuruhusu hata mwanafunzi wake aiguse. Ikapotea mahali pake. Nilimsikia mwanafunzi wake akiulizia, baba akajibu tu kwamba itaonekana. Mchana huo huo nikachungulia kwenye tundu la ubao nikaiona. Ilikuwa imelala kwenye dirisha la Mama Solange, kando ya chungu cha maua, mpini wake mwekundu umegeukia kwangu.

Nilishuka mbio nikamwambia baba. Nilitegemea atatupa kazi chini na kwenda kubisha hodi kwa hasira. Badala yake alitazama mlangoni kwanza, akatoa pini mdomoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mwaju, hukuona kitu. Na mtu akikuuliza, hukuona kitu." Kisha akaendelea kushona. Nikaielewa vibaya sauti ile ndogo. Nilidhani baba yangu anawaogopa. Nilidhani wamemtishia, kwamba siku yoyote watakiondoa kiambaza na kuingia kwetu, watuchukulie vitambaa vya wateja, watuchukulie mtoto. Hili la mtoto nililiamini kabisa, kwa sababu Mama Solange alimpenda mno Hamza, na kila alipopitishwa kwake mlangoni alimkumbatia muda mrefu akifumba macho.

Tangu hapo nikaacha kwenda kwenye tundu. Solange aliniita kwa siku kadhaa, akipiga ubao kwa kidole. Siku moja Mama Solange alinikuta sokoni karibu na mama akaniinamia, akauliza, "Mwaju, mbona haukuje tena? Solange iko naria." Sikumjibu. Mama alinifinya mkono, nikaendelea kunyamaza, na nilijisikia shujaa.

Mkuu wa mtaa wetu aliitwa Bwana Fausitini. Kwa neno la Kifaransa walimwita responsabule, na kazi yake ilikuwa kujua kila nyumba ina watu wangapi na nani amelala wapi. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyependa kuketi kwenye kiti cha wateja hata siku ambazo hakuwa na nguo ya kushona. Ijumaa moja baba alikuwa msikitini na mwanafunzi wake pia, mama akiwa juu, nami nimewekwa dukani niwaambie wateja wangoje. Bwana Fausitini akaja na koti la kutia kitambaa cha ndani. Akaketi. Akaniuliza habari za shule, akaniuliza habari za mtoto mchanga. Akauliza kama majirani zetu hawajambo.

Hakunilazimisha. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kwamba alinilazimisha, na hakunilazimisha. Nilimwambia kwa hiari yangu, tena kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma hesabu ubaoni: skrubu, nta, uzi, bisibisi. Nilimwambia kwamba Kalisti na mkewe wanabomoa kiambaza ili waingie kwetu na kwamba baba anawaogopa. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Akauliza jambo moja tu.

"Na ngazi yenu inatokea wapi?"

Nikamwonyesha. Akainuka, akatazama ngazi, akatazama mlango wa kichochoroni, akarudi akaketi. Akanipa peremende ya mnanaa kutoka mfukoni, yenye vumbi la tumbaku, akasema nimefanya vizuri. Peremende ile niliila yote.

Hakuondoka. Baba aliporudi kutoka msikitini alimkuta bado ameketi, na wote wawili wakapanda juu, mimi nyuma yao. Bwana Fausitini akaenda moja kwa moja kwenye kiambaza, akachomeka ukucha kwenye nta, ikatoka. Akakisukuma kidogo kwa bega. Kikacheza. Upande wa pili tulisikia kiti kikisogezwa. Nikamtazama baba nikingoja uso wake ufurahi kwamba msaada umefika. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono.

"Fundi, hii ni nini?" aliuliza Bwana Fausitini.

"Ni akika ya mtoto," baba akasema.

Akaanza kueleza, polepole mwanzoni, kisha kwa haraka. Alisema mtoto hajanyolewa bado kwa sababu ya hali ya nchi, na sasa amepanga kumfanyia akika Jumapili ya wiki ijayo. Wageni wa upande wa mke wake wanakuja kutoka Rwamagana, kundi zima, watu kumi na wawili, na vyumba vyetu viwili haviwatoshi. Kwa hiyo amemwomba jirani amwazime chumba, na wameonelea wafungue roshani ili wageni wawe kitu kimoja, wasiwe wanashuka barabarani na kupanda tena na masinia ya chakula. Alisema bisibisi alimwazima Baba Solange mwenyewe. Nta alitia yeye, ili mvua isiingie kwenye mbao.

Nilijua kwamba baba anadanganya. Hakukuwa na wageni. Mama alikuwa amesimama mlangoni na Hamza begani, na uso wake haukusema chochote. Nikafikiri: kumbe na wao wamo. Hadi leo hakuna hisia ninayoikumbuka vizuri zaidi kuliko hiyo, ya kuwatazama wazazi wangu na kuwashuku.

Bwana Fausitini alitabasamu. Alisema akika ni jambo jema, na kwamba yeye mwenyewe atakuja Jumapili hiyo kuwasalimu wageni na kutazama karatasi zao za safari. Baada ya sherehe, alisema, kiambaza kitarudishwa, na atapenda kuwapo kikirudishwa.

Siku zile mtu hakutoka wilaya moja kwenda nyingine bila kibali, kwa hiyo uongo wa baba ulihitaji mihuri kumi na miwili. Siku iliyofuata, mchana mapema, mama alipanda basi kwenda Rwamagana akiwa na Hamza mgongoni. Dada yake mkubwa, mama mkubwa Zaina, alikuwa mwanamke ambaye hakuuliza maswali mengi. Sijui alimwambia nini karani wa huko, wala aliwakusanya vipi watu wale. Ninachojua ni kwamba Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, walishuka kwenye gari la abiria mbele ya duka, watu kumi na mmoja na mtoto mmoja wa kunyonya, wakiwa na kuku kwenye kikapu, ndizi, magodoro mawili, na kila mtu karatasi yake mkononi.

Baba na Kalisti walikiondoa kiambaza mbele ya macho ya barabara nzima. Skrubu zilizobaki zilitoka kama vile zilikuwa zinasubiri. Walikibeba pamoja, mmoja mbele mwingine nyuma, wakakiegemeza ukutani. Sikuwa nimewahi kuiona roshani yetu ikiwa nzima. Watoto wa Rwamagana walivuka mpaka huo bila kujua kuwa kulikuwa na mpaka, na Patirisi akawaongoza kama mwenye nyumba. Magodoro yalitandikwa kwa Mama Solange. Majiko mawili yaliwashwa kwetu. Mama mkubwa Zaina alipita huku na huku na mwiko, akimwamuru Odeta kama mdogo wake wa tumbo moja, na Odeta akatii, akakata vitunguu, na mara moja nikamsikia akicheka. Solange alikuja akasimama karibu nami. Hakuniuliza kwa nini nilikuwa sisemi naye. Alinipa kipande cha mkate na sikukipokea.

Jumapili Hamza alinyolewa, ubani ukafukizwa, dua ikasomwa. Bwana Fausitini alifika wakati wa kula, amevaa lile koti lake. Alisoma karatasi moja moja, akilinganisha nyuso. Karatasi zilikuwa sawa. Akaketishwa mahali pa heshima, katikati kabisa ya roshani, pale kiambaza kilipokuwa kimesimama, akapewa paja la kuku. Baba aliketi kushoto kwake na Kalisti kulia. Kwa muda nilidhani mambo yote yamekwisha vizuri, kwa maana walikuwa wakizungumzia mvua.

Nilipopita na birika la kunawia mikono, Bwana Fausitini alinishika begani, akanivuta karibu, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Fundi, huyu binti yako ana macho. Ningekuwa na watoto kumi kama huyu mtaani kwangu, ningelala usingizi mzuri."

Alicheka. Baba mkubwa mmoja wa Rwamagana, asiyejua kitu, akacheka naye. Baba yangu alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyejiuliza swali siku nyingi akapata jibu, na jibu si lile alilolitaka. Nyuma yake mama aliacha kupakua wali. Kalisti hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akimtazama baba, na Odeta pia. Kiswahili cha Bwana Fausitini kilikuwa cha haraka na mdomo wake ulikuwa na nyama, na nadhani wao wawili hawakuyashika maneno yake vizuri. Walichokiona ni kwamba responsabule amemwambia fundi jambo huku akicheka, na fundi amenyamaza.

Wageni waliondoka Jumatatu asubuhi. Mchana Bwana Fausitini alikuja na kijaluba cha misumari ya inchi nne. Hakukubali skrubu. Baba alishika nyundo, Kalisti akakishika kiambaza kutoka upande wake, na mimi nikasimama kwenye mlango wetu nikihesabu mapigo. Msumari wa mwisho ulipoingia, Bwana Fausitini alikigonga kiambaza kwa kiganja mara mbili, akaaga. Lile tundu langu na Solange liliwekwa kibati.

Mama aliniambia siku hiyo hiyo. Alikuwa akichagua mchele, akaniita nikae mbele ya ungo. Akaniuliza kama najua kiambaza kilikuwa kinalegezwa kwa ajili ya nini, nikamjibu kwamba walitaka kuingia kwetu.

"Ndiyo," mama akasema. "Walitaka kuingia kwetu. Watu wakija kumchukua Baba Solange tena, watapanda ile ngazi ya barabarani. Hapo yeye na mke wake na wale watoto wapite kwenye roshani, waje huku, washuke kwa baba yako, watokee kichochoroni. Baba yako ndiye aliyewaambia. Yeye ndiye aliyeanza kufungua."

Aliendelea kuchagua mchele. Nilimuuliza sasa watakwenda wapi. Akasema hajui. Akasema pia nisiende kumwomba mtu yeyote msamaha, kwa sababu msamaha nao una maneno, na maneno yangu yameshatosha kwa sasa. Hakuyasema kwa ukali. Nilitamani angenipiga.

Wiki tatu baadaye walihama. Walikwenda Gatsata, kwa ndugu wa Kalisti. Baba alishuka kuwasaidia kubeba kabati, Kalisti akamwambia asijisumbue. Odeta alipita mbele ya duka letu na bakuli kichwani na hakugeuza shingo. Solange alinipungia mkono kwa siri, akiuficha nyuma ya mgongo wa mama yake. Bisibisi tuliikuta imewekwa kwenye kizingiti cha duka, imefungwa kwenye gazeti.

Yaliyokuja baada ya hapo kila Mnyarwanda anayajua, na sitayaandika yote hapa. Kalisti na Patirisi waliuawa Gatsata. Odeta na Solange walipona, mmoja kwenye dari, mwingine kwenye shamba la mtama. Kwetu pia walikuja, wakitafuta watu ambao baba alikuwa amewaficha chini ya meza ya kukatia, na hiyo ni habari nyingine. Mama amenieleza mara nyingi kwamba siku ile walipanda ngazi zote mbili kwa pamoja, ya ndani na ya nje, kwamba kiambaza kisingemsaidia mtu. Huenda ni kweli. Huenda anasema hivyo kwa sababu ni mama yangu. Nimejaribu kuamini kila upande kwa zamu, na hakuna nilipotulia.

Baba alifariki miaka kadhaa baada ya vita. Mazishi yake yalijaa watu, Waislamu na Wakristo, wakiwamo wale wa chini ya meza. Odeta hakuja. Tulijua kwamba yuko hai, anakaa Kibagabaga, amerudi kufundisha. Mama alituma mtu wa kumpa taarifa, na mtu huyo alirudi akasema ameshafikisha.

Ilinichukua miaka saba mingine kwenda kwake. Alinipokea vizuri, kwa adabu, akaniketisha, akanipa fanta. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Tulizungumza habari za Solange, aliyekuwa ameolewa Butare, na habari za mguu wake unaomuuma. Kisha, bila kumtaja baba, nikauliza kwa nini hakuja.

Aliweka kikombe chini. "Baba yako alikuja kutuambia ire siku ya misumari," alisema. "Alisema, ni mimi. Ni mimi nirisema dukani, urimi uliniteleza mbele ya Fausitini, mnisamehe. Kalisti alimwambia hapana shida. Mimi sikusema kitu. Lakini nilijiuliza kila siku. Mtu mwenye akili kama fundi, urimi unamtelezaje? Nilisema, huyu alituuza. Alitufunguria mrango ili apate cha kupereka. Hata reo niko nasema hivyo."

Nilikuwa nimekuja na maneno niliyoyapanga njiani. Nikayaacha yote.

"Mama Solange, hakuwa baba," nikasema. "Nilikuwa mimi."

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, hadi peremende. Alinisikiliza akitazama mikono yake. Nilipofika mwisho, nyumba ya tatu mtoto wa jirani alikuwa akisomewa imla.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane. Karibu tisa."

"Patirisi alikuwa na saba," alisema. Sikujua kama ananihurumia au ananihukumu, na sikuthubutu kuuliza. Aliinuka kwa taabu, akaenda chumbani, nikadhani ameniacha niondoke mwenyewe. Alirudi amevaa viatu vya kutokea na mkoba mkononi.

"Mama yako iko nakaa wapi siku hizi?" aliuliza.

Tulichukua teksi. Mama alikuwa uani akianua nguo, akamwona Odeta akiingia langoni, akabaki na shati mkononi. Walitazamana. Odeta hakumwita mama kwa jina, wala hakumtaja Patirisi, wala mimi niliyesimama nyuma yake. Alisogea karibu, akasema, "Nimekuja kwa ajili ya msiba wa fundi. Nimechelewa."

Mama aliliweka shati begani, akamvutia kiti.

"Umefika," akasema.